Kiyoyozi cha gari la zamani: Kwa nini kujaza gesi pekee hakutoshi

KILA unapowadia msimu wa joto katika miji ya pwani, kuanzia Desemba hadi Machi, mafundi wa viyoyozi vya magari hupata kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Ombi la wenye magari, hasa yale ya zamani, huwa moja: kiyoyozi hakitoi baridi, kijazwe gesi.

Gesi hujazwa, hewa ya baridi hurejea, malipo hufanyika na mwenye gari huondoka akiwa ameridhika. Baada ya wiki kadhaa, au miezi michache akiwa na bahati, joto hurudi, naye hurudi gereji kwa ombi lile lile.

Mzunguko huo unaweza kuonekana kuwa jambo dogo kati ya mtu na gari lake. Nyuma yake, hata hivyo, yamo mambo matatu mazito: fedha za familia zinazoishia hewani, usalama wa abiria na mafundi, na ahadi ambazo mataifa ya dunia, Tanzania ikiwamo, yametoa kuhusu tabaka la ozoni na hali ya hewa.

Ukweli ambao haupendezi masikioni mwa mwenye haraka ni kwamba kuboresha kiyoyozi cha gari la zamani ni kazi ya kuziba mianya na kubadili vifaa kwanza. Gesi huja mwisho. Na iwapo mamlaka, vyuo vya ufundi na wenye gereji hawatalipa uzito suala hilo, basi gharama ya mabadiliko yaliyokubaliwa katika meza za kimataifa itaendelea kubebwa na yule asiye na uwezo wa kununua gari jipya.

Magari ya zamani hayataondoka kesho

Nchi za Afrika Mashariki zimechukua njia tofauti kuhusu magari yaliyotumika. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka minane. Uganda, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2018, ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania kwa miaka mingi imefuata njia ya kutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa badala ya kuyafungia mlango.

Hata pale penye ukomo wa umri, sheria hizo hugusa siku ya kuingia nchini tu. Gari lililoingia likiwa na miaka saba huweza kuendelea kubeba watu kwa miaka mingine 15 au 20, likibadilishwa injini, springi na rangi. Kiyoyozi chake nacho huzeeka barabarani, katika vumbi, mashimo na foleni.

Ni makosa kukichukulia kiyoyozi kuwa anasa ya wenye nacho. Jijini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, ambako joto la mchana katika miezi hiyo hupita nyuzi 30 za Selsiasi na hewa hujaa unyevu, gari lililosimama juani huwa tanuri. Dereva aliyekaa saa mbili katika hali hiyo huchoka, na uchovu huo ni hatari kwake na kwa wengine barabarani. Aidha, wakati wa masika kiyoyozi ndicho huondoa ukungu kwenye kioo cha mbele kwa haraka, kwa sababu hukausha hewa kabla ya kuipuliza. Dereva asiyeona mbele wakati wa mvua hawezi kuambiwa kwamba kiyoyozi ni starehe.

Magari ya zamani yaliyoko barabarani yanaweza kugawanywa katika makundi mawili. La kwanza ni yale yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, kama vile Peugeot 504 na Toyota Corolla za miaka ya 1980. Mengi ya aina hiyo yaliyokuwa na kiyoyozi tangu kiwandani yaliundwa kutumia gesi ya R-12. La pili, ambalo sasa ni kubwa zaidi, ni yale yaliyofuata, yanayotumia gesi ya R-134a. Kila kundi lina tatizo lake, lakini yote mawili huumizwa na kosa lile lile la kuitazama gesi kama mafuta ya petroli yanayotumika na kwisha.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Kompresa huikandamiza ikawa ya moto; kondensa, ambayo hukaa mbele ya rejeta, huipunguzia joto hadi igeuke kimiminika; vali huiachia ipanuke; na evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi huitumia kunyonya joto la ndani ya gari. Kisha safari huanza upya. Ikiwa gesi imepungua sana, maana yake ni kwamba kuna mahali inavuja. Kuijaza bila kutafuta mahali hapo ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Historia iliyoanzia angani

Ili kuelewa kwa nini mwenye Peugeot ya zamani hapati tena gesi ambayo gari lake liliundiwa, ni lazima kurudi nyuma. R-12 ni mojawapo ya gesi za klorofluorokaboni zilizobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, na iliyojulikana sana kwa jina la biashara la Freon. Ilisifiwa kwa sababu haiwaki na haina sumu kali, tofauti na gesi zilizotumika katika majokofu kabla yake. Kampuni ya Packard ilipouza magari yenye kiyoyozi cha kiwandani kwa toleo lake la mwaka 1940, enzi mpya ya starehe barabarani ilianza.

Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi hizo, zikifika angani juu kabisa, huvunjwa na miale ya jua na kutoa klorini inayoharibu ozoni, yaani tabaka linaloikinga dunia dhidi ya miale hatari. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kuwa ozoni ilikuwa ikipungua kwa kiwango cha kutisha juu ya Antaktika kila majira ya kuchipua ya huko.

Septemba 16, 1987, Itifaki ya Montreal ilipitishwa. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1993. Kwa mujibu wa ratiba ya itifaki hiyo, nchi tajiri zilitakiwa kusitisha uzalishaji wa R-12 kwa matumizi ya kawaida ilipofika Januari 1, 1996, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi Januari 1, 2010.

Matokeo yake ni miongoni mwa mafanikio machache ya dunia katika mazingira ambayo hayana ubishi mkubwa. Tathmini ya kisayansi iliyotolewa Januari 2023 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ilionyesha kuwa, sera za sasa zikiendelea, ozoni inatarajiwa kurejea katika hali ya mwaka 1980 ifikapo takriban mwaka 2040 katika sehemu kubwa ya dunia, na takriban mwaka 2066 juu ya Antaktika.

Lakini mafanikio ya angani yaliacha kazi duniani. Magari yaliyoundiwa R-12 hayakutoweka siku itifaki ilipotimiza lengo lake. Wenye magari hayo walilazimika kuhamia R-134a, na namna uhamaji huo unavyofanywa ndiyo inayoamua kama gari litapata baridi ya kweli au litaingia katika mzunguko wa kujaza na kuvuja.

Kubadili gesi si kubadili mtungi

R-134a haiharibu ozoni, kwa kuwa haina klorini. Hata hivyo si pacha wa R-12, na mfumo ulioundiwa mmoja hauwi tayari kwa mwingine kwa kubadili mtungi pekee.

Tofauti ya kwanza ni oili. Kompresa hulainishwa na oili inayosafiri pamoja na gesi. Mfumo wa R-12 ulitumia oili ya madini, ambayo haichanganyiki na R-134a. Gesi mpya ikiwekwa juu ya oili ya zamani, oili hiyo hujikusanya mahali fulani katika mabomba na kushindwa kurudi kwenye kompresa. Kompresa hubaki ikisaga chuma kwa chuma, na ikifa husambaza chembe za chuma katika kondensa, vali na mabomba. Fundi makini huondoa oili ya zamani kadiri iwezekanavyo, husafisha mabomba kwa kimiminika maalumu, kisha huweka oili inayokubaliana na gesi mpya. Kwa magari yanayohama kutoka R-12, oili ya aina ya esta huchaguliwa mara nyingi kwa sababu huvumilia mabaki ya ile ya zamani.

Tofauti ya pili ni mipira. Oringi na mipira ya mabomba ya zamani haikuundwa kwa ajili ya molekuli ndogo za R-134a, ambazo hupenya kwa urahisi zaidi. Oringi ni kitu kidogo na cha bei nafuu kuliko karibu kila kifaa kingine katika mfumo huo, lakini ndizo zinazosahauliwa zaidi. Kuzibadilisha zote wakati mfumo umefunguliwa ni busara kuliko kusubiri moja baada ya nyingine ivuje.

Ya tatu ni kikaushi, kile kichupa cha chuma ambacho gesi hupita ndani yake ili kuchujwa na kuondolewa unyevu. Punje za kukausha zilizomo katika vikaushi vya zamani hazifai kwa R-134a, na hata ambazo zinafaa huwa zimeshiba maji iwapo mfumo ulikaa wazi. Unyevu ndani ya mfumo huungana na gesi na oili kutengeneza asidi inayotafuna chuma kutoka ndani. Kikaushi ni cha kubadilishwa kila mfumo unapofunguliwa kwa matengenezo makubwa.

Ya nne, ambayo hurukwa mara nyingi zaidi kwa kuwa haionekani kwa macho, ni kuuvuta mfumo kwa pampu hadi uwe hauna hewa. Kazi hiyo ina maana kubwa zaidi ya kutoa hewa. Katika joto la nyuzi 30, maji huchemka iwapo presha itashushwa hadi takriban asilimia nne ya presha ya kawaida ya hewa. Pampu nzuri ikiachwa ifanye kazi kwa nusu saa au zaidi hugeuza unyevu uliomo kuwa mvuke na kuutoa nje. Pampu ikizimwa, sindano ya geji hutakiwa itulie. Ikianza kupanda, kuna tundu au kuna maji yaliyobaki. Dakika hizo za kusubiri ni kipimo kisicho na gharama, lakini ndizo za kwanza kukatwa pale foleni ya wateja inapokuwa ndefu.

Baada ya hayo yote ndipo gesi inapoingia, tena kwa mizani. Gari lililokuwa la R-12 kwa kawaida huhitaji R-134a yenye uzito wa kati ya asilimia 80 na 90 ya kiasi cha awali. Kujaza kwa kukisia, au kwa kutazama geji peke yake, huweza kuzidisha gesi, na gesi ikizidi baridi hupungua badala ya kuongezeka huku kompresa ikielemewa.

Mtihani wa foleni

Wapo wanaofuata hatua zote hizo na bado wakalalamika kwamba kiyoyozi hupoza gari likiwa katika mwendo, lakini likikwama katika foleni hutoa hewa ya uvuguvugu. Malalamiko hayo yana msingi wa kisayansi.

Katika joto la nyuzi 60, ambalo kondensa huweza kulifikia siku ya jua kali, presha ya R-134a huwa karibu bari 17, wakati ya R-12 ni bari 15 na ushei. Katika nyuzi sifuri mambo hugeuka, na R-134a huwa chini kidogo ya R-12. Kwa lugha nyepesi, gesi mpya huitaka kompresa ifanye kazi kubwa zaidi, na huitaka kondensa itoe joto kwa ufanisi zaidi. Gari linapotembea, upepo husaidia. Likisimama, upepo hukoma, injini hushuka mzunguko, na kondensa hutegemea feni pekee.

Hapo ndipo penye maboresho yenye faida kubwa kwa gari la zamani. Kondensa za zamani ni bomba moja refu lililopindwapindwa kama nyoka. Kondensa za kisasa hugawa gesi katika vijia vingi vyembamba vinavyokwenda sambamba, na hutoa joto zaidi katika nafasi ile ile. Kuiondoa ya zamani na kuweka ya kisasa yenye vipimo vinavyoingia, pamoja na feni ya umeme yenye nguvu inayowaka kila kompresa inapofanya kazi, huweza kuleta tofauti ambayo kujaza gesi mara kumi hakuwezi kuileta. Swichi ya kuzima kompresa pale presha inapopanda kupita kiasi nayo ni ya lazima. Bila hiyo, feni ikifa siku ya joto, mfumo huweza kupasuka au kumwaga gesi.

Maboresho hayo yanawahusu pia wenye magari ya kundi la pili, ambayo tayari yanatumia R-134a. Kwao hakuna haja ya kubadili aina ya gesi, lakini kondensa iliyoziba kwa matope, feni iliyochoka, mkanda uliolegea na evaporeta iliyojaa vumbi hutoa dalili zile zile ambazo mwenye gari huzitafsiri kuwa gesi imekwisha. Fundi anayeanza kwa kupima, badala ya kuanza kwa mtungi, huweza kumwokolea mteja fedha nyingi kwa kusafisha tu.

Gesi ya bei rahisi, gharama ya roho

Penye hitaji na bei kubwa, njia za mkato hazikosekani. Mojawapo ni kutumia gesi ya kupikia. Kwa upande wa fizikia, propani na butani hupoza vizuri sana, na majokofu mengi mapya ya nyumbani hutumia gesi ya jamii hiyo. Lakini jokofu huundwa kwa ajili hiyo, hubeba kiasi kidogo, na mabomba yake huunganishwa kwa kuchomelewa.

Gari halina sifa hizo. Lina mipira, mtetemo, injini ya moto, nyaya za umeme na evaporeta iliyo ndani ya chumba kimoja na abiria. Gesi ya kupikia huanza kuweza kuwaka inapofikia takriban asilimia mbili ya hewa. Katika gari dogo lenye hewa ya lita 3,000 hivi, gramu zipatazo 120 zikisambaa ndani zinatosha kufikia kiwango hicho, na cheche moja ya swichi au kiberiti hukamilisha maafa. Ndiyo maana Marekani ilikataza gesi za aina hiyo kutumika kama mbadala wa R-12 katika viyoyozi vya magari.

Hatari nyingine ni gesi bandia. Mwaka 2011 sekta ya usafirishaji wa makontena yenye majokofu ilitikiswa baada ya milipuko iliyoua wafanyakazi nchini Vietnam na Brazil. Ilibainika kuwa mifumo hiyo ilikuwa imetiwa gesi iliyodhaniwa kuwa R-134a, kumbe ilichanganywa na kloridi ya methili. Gesi hiyo hushambulia aluminiamu na kutengeneza kemikali inayowaka yenyewe inapokutana na hewa. Sehemu kubwa ya kondensa na evaporeta za magari ni aluminiamu.

Funzo la tukio hilo kwa gereji ya mtaani ni la moja kwa moja. Mtungi usiojulikana ulikotoka, wenye nembo iliyofifia au bei isiyoelezeka, haupaswi kuunganishwa na gari la mtu. Fundi ndiye huwa wa kwanza kusimama mbele ya mtungi huo, na ndiye wa kwanza kuumia.

Mlango mwingine unaofungwa

Iwapo mwenye gari anadhani kwamba akishahamia R-134a safari imekwisha, mkutano uliofanyika katika mji jirani unaonyesha vinginevyo. Oktoba 15, 2016, mjini Kigali, Rwanda, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal zilikubaliana kupunguza gesi za hidrofluorokaboni, kundi ambalo R-134a imo. Marekebisho hayo ya Kigali yalianza kutumika Januari 1, 2019.

Sababu ni joto la dunia. R-134a haigusi ozoni, lakini kilo moja yake ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa katika kipindi cha miaka 100. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kwa hesabu hiyo, nusu kilo ya gesi iliyovuja kutoka katika gari dogo ni sawa na kuchoma lita zaidi ya 300 za petroli. Anayejaza gesi mara mbili kwa mwaka bila kuziba tundu huongeza madhara ya mamia ya lita ambazo hazikumfikisha popote.

Chini ya makubaliano hayo, kundi kubwa la nchi zinazoendelea, ambalo nchi za Afrika zimo, lilipangiwa kusimamisha ongezeko la gesi hizo mwaka 2024, kisha kupunguza kwa asilimia 10 ifikapo 2029, asilimia 30 ifikapo 2035, asilimia 50 ifikapo 2040 na asilimia 80 ifikapo 2045. Ulaya ilikwishatangulia: tangu mwaka 2017 magari yote mapya yanayouzwa huko hutakiwa kuwa na gesi yenye nguvu ya kupasha joto isiyozidi mara 150 ya hewa ya ukaa, na mengi yakahamia R-1234yf. Magari hayo, yakishatumika, hufika pia katika bandari za Afrika Mashariki, na gesi yake ni ya bei kubwa, huwaka kidogo na huhitaji vifaa vyake maalumu.

Mwelekeo ni ule ule uliowakuta wenye magari ya R-12. Gesi haitatoweka siku moja, bali itaanza kuadimika, bei itapanda, bandia zitaongezeka, na atakayeumia zaidi ni mwenye gari la zamani. Tofauti ni kwamba safari hii ratiba imejulikana miaka mingi kabla. Gari ambalo mfumo wake umezibwa vizuri leo litahitaji gesi kidogo sana katika miaka hiyo. Linalovuja litakuwa mateka wa soko.

Nini kifanyike

Jambo la kwanza linahusu elimu ya fundi. Nchini Marekani, anayetengeneza viyoyozi vya magari kwa malipo hutakiwa kisheria kuwa na cheti cha kushughulikia gesi hizo, na ni kosa kuiachia gesi hewani kwa makusudi. Tanzania inayo misingi ya kujenga juu yake: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kinachotakiwa ni kumfikia fundi aliyejifunza kazi chini ya mti kwa kumtazama mwenzake, kwa mafunzo mafupi, ya jioni, yasiyomfungia riziki yake. Kumkamata bila kumfundisha hakutazuia gesi kuvuja.

Jambo la pili ni vifaa. Pampu ya kuvuta hewa, mizani na mashine ya kurejesha gesi ya zamani katika mtungi ni mzigo mkubwa kwa gereji ndogo. Lakini gereji kumi za mtaa mmoja zikiungana katika ushirika zinaweza kumiliki mashine moja, na gesi inayorejeshwa na kusafishwa ni bidhaa inayouzika. Kadiri uagizaji utakavyobanwa, ndivyo gesi iliyookolewa itakavyopanda thamani.

La tatu ni ukaguzi bandarini na madukani. Vifaa vya kupima aina ya gesi iliyomo ndani ya mtungi vipo. Mtungi mmoja wa bandia unaozuiwa bandarini huokoa makumi ya magari.

La nne ni la mwenye gari mwenyewe. Kabla ya kukubali kujaziwa gesi, ana haki ya kuuliza maswali manne: inavuja wapi, ni oringi na kikaushi gani vitabadilishwa, mfumo utavutwa kwa muda gani, na gesi itakayoingia ni gramu ngapi. Fundi anayeweza kuyajibu bila kubabaika ndiye wa kumwachia ufunguo. Asiyeweza kuyajibu anauza baridi ya wiki tatu.

Ni kweli kwamba kazi kamili hugharimu zaidi kwa siku moja kuliko kujaza gesi. Kwa mwenye mshahara wa kuhesabu, tofauti hiyo si ndogo, na haitoshi kumwambia avumilie. Lakini kazi hiyo inaweza kugawanywa: kuanza na kusafisha kondensa na kurekebisha feni na mkanda, ambayo haihitaji kufungua mfumo, kisha, fedha zikipatikana, kuufungua mara moja tu na kubadili oringi, kikaushi, oili na, ikiwezekana, kondensa. Katika kipindi cha kusubiri, kushusha vioo ni afadhali kuliko kununua gesi itakayovuja.

Itifaki ya Montreal imethibitisha kwamba dunia inaweza kukubaliana na kutekeleza. Kilichobaki kuthibitishwa ni kama utekelezaji huo unaweza kufika hadi gereji ya mwisho ya mtaa bila kumwachia mwenye gari la zamani gharama na hatari peke yake. Mwaka 2029 hauko mbali, na mabomba yanayovuja leo hayatajiziba yenyewe.